Gosh: Wimbo wa Mtu Mmoja, Jasho la Wengi

Leo sitazunguka nyimbo kumi. Nataka tuketi na wimbo mmoja tu, tuusikilize kwa makini, tujiulize umetoka wapi na ni nani wanaoudai. Unaitwa Gosh. Ulitoka mwaka 2015, na ni kazi ya kijana wa London, Jamie Smith, ambaye wapenzi wa muziki wa klabu wanamjua kwa jina la Jamie xx. Haufiki dakika 5. Hauna beti wala kiitikio cha kuimba. Lakini ndani yake kuna historia ya miji mitatu, na kuna deni ambalo hata sisi huku Afrika Mashariki linatuhusu.

Ukiufungulia, kitu cha kwanza kukufikia ni drams. Haziji safi. Zina mikwaruzo na vumbi, zinasikika kama zimepita kwenye kanda nyingi kabla ya kukufikia wewe. Juu yake kuna sauti ya mtangazaji, kipande kifupi cha maneno, kinakatwa, kinarudiwa, kinakatwa tena, mpaka maneno yenyewe yanageuka kuwa sehemu ya mdundo. Baadaye besi nzito inaingia chini. Haina haraka, inatembea kwa hatua chache na kuzirudia. Halafu, pale ambapo prodyuza mwingine angeongeza kelele, huyu analeta sauti moja ya sintesaiza, nyembamba, inayopanda na kuteleza kati ya noti na noti, inapanda tena, mpaka wimbo mzima unaonekana kuinuka pamoja nayo. Mara ya kwanza unaweza kudhani inatoka nje ya ufunguo. Usiizime. Endelea kusikiliza, utaona kwamba ule mteremko na mpando ndio unaoubeba wimbo.

Kwa nini nimeuchagua huu? Kwa sababu unakutanisha tabia mbili za muziki ambazo si rahisi kukaa nyumba moja. Tabia ya kwanza ni ya brekibiti, yaani mdundo uliokatwa kutoka kwenye drams zilizopigwa na mtu, wenye kuvunjika-vunjika na kuruka. Ya pili ni ya dipu hausi, muziki wa mdundo ulionyooka, wa besi yenye joto na koda zinazotanda polepole. Mwenye kupima kwa rula ya Chicago, mji ulikozaliwa muziki huo, atasema Gosh si dipu hausi kamili, na sitabishana naye. Ninachosema ni kwamba wimbo huu umejengwa kwa subira ya hausi juu ya fujo ya brekibiti, na hapo ndipo uzuri wake ulipo.

Tuanze na mwenyewe. Jamie Smith alizaliwa mwaka 1988. Alisoma Elliott School, kusini-magharibi mwa London, shule ya serikali ambayo imetoa wanamuziki wa ajabu: Kieran Hebden, anayejulikana kama Four Tet, alipita pale, na Burial pia. Hapo ndipo Jamie alipokutana na Romy Madley Croft na Oliver Sim, wakawa kundi la The xx. Albamu yao ya kwanza ilitoka 2009, na mwaka 2010 ikawapa tuzo ya Mercury, moja ya tuzo kubwa za muziki nchini Uingereza. Muziki wa The xx ni wa kunong'ona: gitaa chache, sauti mbili, na ukimya mwingi katikati. Jamie alikuwa nyuma, kwenye mashine, akipiga midundo kwa vidole.

Kisha akaanza kutoa kazi zake mwenyewe. Albamu yake ya kwanza ya peke yake, In Colour, ilitoka mwaka huohuo wa 2015, na Gosh ndio wimbo unaoifungua. Sehemu kubwa ya albamu hiyo ilipikwa wakati kundi lake likizunguka dunia kwa maonyesho, na mtu anayekaa muda mrefu mbali na kwao huanza kuusikia mji wake masikioni. Jamie aliusikia London wa usiku: klabu ndogo, giza, spika kubwa, watu wasiojuana wakicheza bega kwa bega. Mwanzoni mwa mwaka 2015, Plastic People, klabu ndogo ya Shoreditch iliyokuwa ikiheshimika kwa ubora wa sauti yake, ilifungwa moja kwa moja. Kwa hiyo wimbo ulitoka wakati ambapo jambo unalolikumbuka lilikuwa linaondoka mbele ya macho ya watu.

Sasa twende kwenye mizizi. Brekibiti ni nini hasa? Wale waliocheza muziki wa dansi wanaijua ile sehemu tunayoiita chemko. Waimbaji wananyamaza, magitaa yanachangamka, tumba na drams zinashika usukani, na ukumbi mzima unasimama. Katika rekodi za soul na fanki za Marekani ilikuwapo sehemu ya namna hiyo, tena fupi zaidi: sekunde chache ambapo ala zote zinakaa kando na kumwachia mpiga drams peke yake. Mwaka 1973, tarehe 11 Agosti, kijana mmoja mzaliwa wa Kingston, Jamaica, aliyejulikana kama Kool Herc, alipiga muziki kwenye sherehe ya dada yake, Cindy, katika jengo namba 1520 la barabara ya Sedgwick, Bronx, New York. Herc alikuwa ameona kwamba watu walikuwa wakizisubiri zile sekunde. Akaja na mbinu ya kutumia sahani mbili za santuri ileile: ya kwanza ikifika mwisho wa kipande cha drams, anaanzisha ya pili, na anairudisha ya kwanza nyuma. Sekunde chache zikawa dakika. Hapo ukaanza muziki wa hip hop, na hapo likaanza pia wazo kwamba kipande kimoja cha drams kinaweza kuwa wimbo mzima.

Kati ya vipande vyote hivyo, kimoja kimezidi vyote kwa kutumika. Mwaka 1969 kundi la The Winstons, kutoka Washington, lilirekodi wimbo usio na maneno uitwao Amen, Brother, ukawekwa upande wa pili wa santuri yao. Katikati ya wimbo ule, mpiga drams Gregory Coleman aliachiwa uwanja kwa baa nne. Ni kama sekunde 7. Baa mbili za kwanza anapiga mdundo mmoja. Katika baa ya tatu anaichelewesha sneya ya mwisho, kidogo tu, ukajikuta umejikwaa. Katika baa ya nne anaacha pigo la kwanza kabisa, anakuachia shimo, halafu anarudi na toazi ambalo linalia mapema kuliko ulivyotegemea. Ukisikiliza mara moja, ni mpiga drams hodari anafanya kazi yake. Ukisikiliza mara ishirini, unagundua kwamba zile baa nne hazichoshi, kwa sababu kila ukidhani umezishika, zinakuponyoka.

Mashine za kunasa sauti zilipopungua bei katika miaka ya 1980, vijana wa London walichukua baa nne za Coleman, wakazikatakata vipande vidogo, wakazipanga upya na kuziongeza kasi mpaka mapigo 160 na zaidi kwa dakika. Chini yake wakaweka besi ya rege. Wengi wao walikuwa watoto na wajukuu wa watu waliohamia Uingereza kutoka visiwa vya Karibi. Muziki ule ukaitwa jango, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukawa sauti ya mitaa yao.

Hiyo ni brekibiti. Dipu hausi ina njia yake. Mwaka 1977, dijei Frankie Knuckles alihama New York akaenda Chicago, akawa mpiga muziki wa klabu iliyoitwa Warehouse. Wateja wake wengi walikuwa watu weusi na Walatino, wengi wao mashoga, watu ambao sehemu nyingi za starehe ziliwafungia mlango. Muziki waliocheza pale na katika klabu zilizofuata ukachukua jina la hausi. Msingi wake ni kiki, ngoma kubwa, inayopigwa mara nne katika kila baa, bila kukosa na bila kusita. Mguu wako haupati nafasi ya kujiuliza.

Ndani ya muziki huo akatokea Larry Heard. Mwaka 1986, kwa jina la Mr. Fingers, alitoa Can You Feel It, ambao mpaka leo unatajwa kama nguzo ya dipu hausi. Usikilize ukipata nafasi. Kiki iko palepale, lakini juu yake koda zinafunguka polepole, na besi inazunguka kwa namna inayoongeza utulivu kila inaporudi. Ni muziki wa kucheza ambao pia unaruhusu kufikiri, hata kuhuzunika. Na hapa kuna jambo ambalo naomba mlishike: Larry Heard, kabla hajagusa sintesaiza, alikuwa mpiga drams kwenye bendi. Yule tunayemwita baba wa dipu hausi, muziki unaosemwa kuwa wa mashine, ni mtu aliyejifunza muziki akiwa ameshika fimbo mbili mkononi.

Kwa hiyo brekibiti na dipu hausi si wageni kwa kila mmoja. Zote mbili zimetoka mikononi mwa wapiga drams weusi wa Marekani. Moja ilihifadhi mkono wa mpigaji, pamoja na kuchelewa kwake na kuwahi kwake. Nyingine ilihamishia akili ya mpigaji ndani ya mashine, ikamwachia mashine kazi ya kutochoka.

Hata hivyo kuzikutanisha ni kazi. Prodyuza yeyote anayenisikiliza, awe Kinondoni, Eastleigh au Mombasa, anaijua shida yake. Hausi ina kiki inayoanguka kwenye kila pigo. Kipande cha drams nacho kina kiki zake, na hizo huanguka zinapotaka. Ukiziweka pamoja bila mpango, sauti za chini zinagongana, besi inapoteza nafasi, na mchezaji hajui afuate ipi. Dawa wanayoitumia wengi ni kukichuja kile kipande: unaondoa sauti zake za chini, unabakiza sneya, matoazi, na yale mapigo madogo ambayo mpigaji aliyapiga kwa wepesi kati ya makubwa. Kisha kasi inarekebishwa. Mdundo wa Amen, Brother unakaribia mapigo 137 kwa dakika, wakati hausi nyingi hukaa karibu na 120 au 125. Ukikivuta nyuma, kila pigo linapata nafasi ya kupumua, na unaanza kusikia mambo ambayo kasi ilikuwa imeyaficha.

Katika Gosh, Jamie xx amefuata njia ambayo mimi naiheshimu zaidi. Hakulazimisha mambo yote yatokee kwa pamoja. Drams zinapewa uwanja mwanzoni, peke yake, mpaka sikio lizizoee. Besi inacheleweshwa. Ikiingia, drams hazikimbii, lakini masikio yako yanahama yenyewe kutoka juu kwenda chini, na mdundo uleule uliokuwa na hasira dakika moja iliyopita sasa unasikika mpole. Hakuna kilichobadilika ndani ya drams zenyewe. Kilichobadilika ni kinachozizunguka. Hiyo ndiyo hekima ya hausi: ongeza kitu kimoja, kisha subiri. Na sintesaiza ile inayoteleza inapofika, tayari umeshakuwa na sakafu imara ya kusimamia, hivyo unaweza kuifuata popote inapokwenda bila kupoteza mguu.

Na sasa nifike kwenye ile sauti ya mtangazaji, kwa sababu hapo wimbo huu unagusa kazi yetu sisi watu wa redio. Vipande vile vya maneno vilichukuliwa kutoka kipindi cha majaribio cha One in the Jungle, kipindi cha Radio 1 ya BBC kilichoanza mwaka 1995. Kile cha majaribio chenyewe hakikurushwa hewani. Yaani mtu aliingia studio, akachangamka mbele ya maikrofoni, akawapigia kelele wasikilizaji ambao hawakumsikia, na kanda ikawekwa kabatini. Miaka 20 baadaye, kijana aliyekuwa mtoto mdogo wakati ule akaitafutia kanda ile wasikilizaji.

Fikirieni kilichokuwa nyuma ya kipindi kile. Muziki wa jango haukulelewa na redio kubwa. Ulilelewa na redio za magendo, zisizo na leseni. Kool FM, iliyoanza mwaka 1991 huko Hackney, mashariki mwa London, ni mojawapo. Antena zilifungwa juu ya mapaa ya maghorofa ya serikali, maofisa wakaja wakazing'oa, na vijana wakazirudisha. Mwaka 1994 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyowapa polisi nguvu ya kuvunja mikusanyiko ya usiku ya watu 100 au zaidi mahali pa wazi, na katika kueleza muziki uliolengwa, sheria ile ilitaja midundo inayojirudia. Ndiyo, kurudia mdundo kuliandikwa kwenye sheria ya nchi. Mwaka mmoja baadaye, BBC, shirika la utangazaji la taifa, likafungua mlango na kuupa muziki ule nafasi rasmi. Katika ile sauti yenye furaha iliyomo ndani ya Gosh, mimi nasikia watu ambao wamegonga mlango muda mrefu na hatimaye wamefunguliwa.

Video ya wimbo nayo inastahili neno moja. Ilitoka mwaka 2016, ikaongozwa na Mfaransa Romain Gavras, ikapigwa Tianducheng, mtaa ulio kando ya mji wa Hangzhou, China, uliojengwa kwa kuiga Paris, hata mnara wa Eiffel wameusimamisha. Katikati yake yumo kijana mweusi mwenye ualbino, na mamia ya vijana wanakimbia na kujipanga kumzunguka. Kwa sisi tunaojua ndugu zetu wenye ualbino wamepitia nini katika nchi hizi, kumwona kijana yule akitembea katikati ya umati kwa heshima yote ile si jambo dogo. Laiti ingeonyeshwa mashuleni.

Sasa nije kwenye neno langu la leo. Gosh ni wimbo wa mtu mmoja. Kwenye jalada kuna jina moja. Lakini mmesikia wenyewe msafara uliomfikisha Jamie pale: wapiga drams wa miaka ya 1960 na 1970, dijei wa Bronx, wachezaji wa Chicago, vijana wa mapaa ya Hackney, mtangazaji ambaye hakusikika. Simlaumu Jamie kwa kuwatumia. Amewatumia kwa upendo na kwa akili, na muziki umekwenda hivyo tangu zamani, mmoja anapokea kwa mwingine. Ninachosema ni kwamba wimbo wa mtu mmoja una wadai wengi, na katika muziki huu wa kukata na kuunga, wadai wa kwanza ni wapiga drams. Na hao ndio waliodhulumiwa kuliko wote.

Gregory Coleman, ambaye sekunde zake 7 zimetumika katika maelfu ya nyimbo, alifariki Atlanta mwaka 2006 akiwa hana makazi. Hakulipwa hata senti moja kwa matumizi yale. Mwaka 2015, mwaka uleule wa Gosh, watu wawili wa Uingereza waliendesha mchango wa hiari, wakapata pauni 24,000, na fedha hizo akakabidhiwa Richard Spencer, kiongozi wa The Winstons. Coleman alikuwa ameshakwenda. Mwingine ni Clyde Stubblefield, aliyempigia James Brown drams katika Funky Drummer, wimbo uliorekodiwa mwaka 1969 na ambao kipande chake nacho kimezunguka dunia nzima. Kwa sababu jina la mtunzi lilikuwa la Brown, mpigaji hakupata mgao. Alipougua saratani, aliyemlipia gharama za hospitali kimyakimya alikuwa Prince, mwanamuziki mwenzake. Watu walilijua hilo baada ya Prince kufariki mwaka 2016. Stubblefield mwenyewe alifariki mwaka uliofuata.

Na hata baba wa dipu hausi hakusalimika. Mwaka 2020, Larry Heard na mwimbaji Robert Owens waliishtaki kampuni ya Trax ya Chicago kuhusu nyimbo zao za miaka ya 1980. Mwaka 2022 pande mbili zikaelewana, na wanamuziki hao wakarudishiwa haki za kazi zao. Zaidi ya miaka 30 ilikuwa imepita.

Mtasema hayo ni ya Marekani na Uingereza. Sivyo. Tazameni singeli. Kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku kucha, uswahilini Dar es Salaam, madijei walichukua sehemu za ala za taarabu, pale waimbaji wanaponyamaza na mdundo unachangamka, wakazirudia-rudia na kuziongeza kasi ili watu wacheze mpaka alfajiri. Ni wazo lilelile la Kool Herc, na watu wa uswahilini walilifikia wenyewe, kwa masikio yao na kwa wachezaji wao. Leo singeli inavuka mapigo 200 kwa dakika. Mwaka 2017, lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, kutoka studio ya Sisso iliyoko Mburahati, na muziki ule ukafika kwenye majukwaa ya Ulaya. Naufurahia sana. Lakini nikiusikia, najiuliza: yule mpiga ngoma wa taarabu, aliyekuwa nyuma ya fidla na kinanda, ambaye mkono wake ndio unaozunguka pale, ni nani? Jina lake limeandikwa wapi?

Twende mbali zaidi. Kwa miaka mingi, studio kuu ya kurekodia bendi Tanzania ilikuwa ya Radio Tanzania Dar es Salaam. NUTA Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz, bendi za mikoa, vikundi vya taarabu, wote walipita kwenye maikrofoni zile. Kanda zao ni hazina. Siku si nyingi, na nina hakika na hili, kijana mwenye kompyuta atakata chemko la miaka ya 1970, atalipunguza kasi, ataliwekea besi na koda za dipu hausi, na klabu za Berlin na Johannesburg zitalia kwa furaha. Natamani siku hiyo ifike. Natamani hata zaidi kijana huyo awe wa kwetu. Lakini tukizungumzia nyimbo zile, tunamtaja mtunzi, tunamtaja mwimbaji, tunamtaja mpiga gitaa la solo. Mpiga drams na mpiga tumba tunawaacha. Tumeshaandaa akina Coleman wetu wenyewe, na bado hata hatujawajua kwa majina.

Hili lina dawa, tena si ya gharama kubwa. Baadhi ya wazee wa bendi zile bado wako hai. Wenye kanda wakae nao, wawapigie nyimbo moja baada ya nyingine, waulize: hapa nani alipiga drams, nani alikuwa kwenye tumba? Yaandikwe kwenye kadi ya kila kanda na kwenye kila faili la kompyuta, kabla sauti haijatoka nje. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na neno hakishiriki limo ndani yake kwa ajili ya watu kama hawa, wale wanaopiga na kuimba, hata kama hawakutunga. Lakini haki haiwezi kumfikia mtu ambaye jina lake halijulikani. Jina ndilo linalotangulia, malipo hufuata.

Na wewe prodyuza kijana, uliyejifungia chumbani na spika mbili na kompyuta ya mkopo, nakuomba mambo mawili. La kwanza ni la ufundi: jifunze subira ya Gosh. Usimwage kila kitu kwenye sekunde 30 za kwanza kwa kuogopa msikilizaji atakukimbia. Mpe mdundo mmoja, mwache aujue, ndipo uongeze. La pili ni la utu: kila unapokata kipande cha mtu, andika ulikokitoa. Tafuta jina la mpigaji. Omba ruhusa unapoweza, gawana unachopata, na mtaje hadharani unapohojiwa redioni. Hakuna aliyepungukiwa heshima kwa kusema amejengewa msingi na mwingine.

Kwa upande wangu, kuanzia juma lijalo, kila wimbo wa zamani nitakaoupiga hapa nitajitahidi kumtaja mpiga drams na mpiga tumba, si mwimbaji peke yake. Nitahitaji msaada wenu. Kama mzee wako alipiga katika bendi yoyote, ya dansi, ya taarabu, ya kwaya au ya beni, tuandikie jina lake, bendi, na nyimbo alizopiga. Tutayasoma majina hayo hewani, moja baada ya jingine, na tutayapeleka kwa wanaotunza kanda ili yawekwe panapostahili.

Tafuteni Gosh, tafuteni Can You Feel It, tafuteni Amen, Brother, mzisikilize zote tatu kwa mfululizo huo, kisha mniambie mmesikia nini. Tukutane tena juma lijalo, saa kama hii.